Hodi Mara Mbili kwa Mama Mkwe

Lori lile liliitwa Mama Mkwe, na aliyeuliza sababu alikuwa hajawahi kuliendesha. Kwenye malori ya siku hizi unakanyaga klachi, unasukuma gia, umemaliza. Hata mtu mwenye usingizi anaweza. Kwa Mama Mkwe huingii hivyo. Giaboksi yake ilitengenezwa zamani, kabla madereva hawajaanza kudekezwa, na meno yake ya ndani hayakuwekewa kitu chochote cha kuyapatanisha. Ukitaka kushuka gia unakanyaga klachi, unatoa gia, unaachia klachi, unagusa mafuta ili injini ipande mpaka mwendo unaotakiwa, unakanyaga klachi tena, ndipo unaingiza. Hodi mara mbili. Ukibisha mara moja tu anakupigia ukelele wa vyuma vinavyosagana, unasikika yadi nzima, na wenzako wanaacha chai yao kuja kuona ni nani aliyeumbuka.

Halafu kuna jambo la mguu. Klachi ya Mama Mkwe hukanyagwa nusu. Pedeli ikienda mpaka chini kabisa inagusa kibreki kidogo kilichofichwa nyuma ya klachi, ambacho kazi yake ni kuituliza giaboksi lori likiwa limesimama. Ukikanyaga mpaka chini huku lori linakwenda, unakipasua kibreki hicho na kuikaba giaboksi wakati ule ule unaoihitaji izunguke. Hapo bisha hodi mpaka kesho, mlango haufunguki.

Mwanamke aliyeyajua haya kuliko mtu yeyote pale yadini walimwita Bi Hodi. Alikuwa mkufunzi wa madereva, miaka thelathini na minane, mabega mapana na ulimi usio na subira. Kuendesha alifundishwa na baba yake tangu akivaa sare za shule, na si ndani ya lori bali jikoni: kiti cha kukalia, mfuniko wa sufuria ndio usukani, mwiko ndio gia, na matofali mawili chini ya miguu. "Nusu, mwanangu, nusu," baba yake alikuwa akimwambia, "ukikanyaga hivyo umeshaua." Mama yake alikuwa akilalamika kwamba chakula kinaungua kwa sababu mwiko uko safarini.

Kwa miaka minne Bi Hodi alikuwa akimngoja mtu mmoja akae kwenye kiti cha dereva cha Mama Mkwe. Alimngoja kwa adabu zote, akimwamkia kila asubuhi, akimpisha mlangoni. Mtu huyo alikuwa Mkuu wa Madereva, na Bi Hodi alimwita Baba Mdogo.

Hawakuwa ndugu wa damu. Mkuu aliwahi kuwa dereva msaidizi wa baba yake, wakila sahani moja njiani, wakilala kwenye turubai moja, na kwa hiyo nyumbani akawa baba mdogo kama wengine wote wanavyokuwa. Kisha, miaka kumi na miwili iliyopita, Mama Mkwe alianguka kwenye mteremko wa machimbo ya mawe. Kichwa cha lori kilifumuka na wote wawili wakarushwa nje. Kijana mpakiaji aliyekaa nyuma juu ya mzigo alikufa palepale. Baba alivunjika kiuno na kupasuka kichwa. Alilala hospitali wiki tano, na alipozinduka, siku ile ya ajali yote ilikuwa imefutika kichwani mwake, hakukumbuka hata kama alitoka nyumbani. Msaidizi wake alitoka na mchubuko wa kiwiko.

Mchubuko wa kiwiko na maneno. Aliwaambia wapelelezi kwamba mzee ndiye aliyekuwa kwenye usukani, kwamba alitoa gia makusudi ili lori lijiteremkie lenyewe na kubana mafuta, na kwamba yeye alimsihi arudishe gia lakini mzee akamcheka. Wapelelezi wakaandika. Baba akafukuzwa kazi na kunyang'anywa leseni, na msaidizi, kwa kuwa alionekana mtu makini, akapandishwa cheo, kisha akapandishwa tena.

Lililomuuma Bi Hodi zaidi ni kwamba baba yake aliamini. Atabisha nini mtu asiyekumbuka? Alikaa kwenye chumba chake cha mbele, kitanda kimesogezwa dirishani, magongo yameegemezwa ukutani, na kila siku, katikati ya mazungumzo ya bei ya mkaa au mvua, alisema, "Mimi nimeua mtoto wa watu." Alisema bila kulia, kama mtu anayetaja umri wake. Mama wa marehemu alikaa mtaa wa pili tu, na kwa miaka kumi na miwili mzee hakuwahi kupita mtaa ule. Na kila mwisho wa mwezi Mkuu alikuja na sukari na sabuni, akaketi kwenye kiti cha plastiki, na mzee akamshika mkono kwa mikono yake yote miwili. "Wewe umenivumilia, mdogo wangu," alimwambia. "Ningekuua na wewe siku ile." Mkuu aliinamisha kichwa na kusema yameshapita, kaka, yameshapita. Bi Hodi ndiye aliyewaletea chai.

Mwanzoni aliileta chai ile kwa moyo mweupe. Mambo yalibadilika miaka minne iliyopita, siku alipokuwa chini ya Mama Mkwe na fundi mkuu, wakibadilisha kibreki kile cha klachi ambacho dereva mmoja mgeni alikuwa amekiharibu. Fundi alikitazama kile kipande kilichopasuka, akakigeuzageuza, akapumua kwa nguvu.

"Hiki kina mkosi," alisema. "Baada ya ile ajali nilipofungua giaboksi nilikikuta vipandevipande. Kimeraruliwa hasa. Mtu amekanyaga klachi mpaka chini mara nne, mara tano, lori linakimbia."

Bi Hodi akaacha kufungua nati. "Baba hakanyagi mpaka chini."

"Mzee aliendesha hili lori miaka kumi na tisa na kibreki kilekile." Fundi hakumtazama. "Na kama alikuwa ametoa gia makusudi, angekanyaga klachi ya nini? Aliyekanyaga vile alikuwa anatafuta gia iliyomponyoka."

"Na ulinyamaza?"

"Nina watoto sita, dada. Mkuu ndiye aliyekuwa anaandika majina ya wa kupunguzwa kazini."

Bi Hodi alitambaa kutoka chini ya lori, akaenda kusimama nyuma ya matangi ya maji. Aliporudi alinawa mikono, akashika spana, akamaliza kazi. Tangu siku ile hakulala vizuri, lakini pia hakusema neno. Angemwambia nani? Neno la fundi mmoja mwenye mikono ya grisi dhidi ya Mkuu mwenye ofisi na kapeti. Na baba yake mwenyewe angekuwa wa kwanza kukasirika, angesema usinivunjie udugu. Hapana. Alitaka Mkuu aseme kwa mdomo wake mwenyewe, mchana kweupe, mbele ya watu. Alitaka aone haya mpaka miguu imwishe nguvu. Akilala usiku alijipangia maneno atakayomwambia, na asubuhi akamwambia shikamoo.

Nafasi ilikuja yenyewe, imevaa tai. Watu wa bima walikuja na sharti jipya: kila anayesaini kwamba dereva fulani anafaa, naye apimwe kwenye gari lenyewe, hata awe nani. Tajiri, mwenye kampuni, alikubali haraka kwa kuwa alitaka karatasi zipite. Mkuu alicheka kwenye kikao mpaka akashika tumbo. Kwa miaka kumi na miwili alikuwa akiendesha meza, na kigari kidogo kisicho na klachi kabisa.

"Mwanangu huyu ndiye atakayenipima?" alisema. "Mimi nilimbeba mgongoni!"

"Nitakupima kwa upole, Baba Mdogo," Bi Hodi alisema, na watu wakacheka.

Alichagua siku yeye, gari yeye, na njia yeye. Ilikuwa siku ya kupeleka mashine ya kusaga mawe kule machimboni, tani kwa tani za chuma, mzigo ambao gia za chini za Mama Mkwe tu ndizo zingeweza kuuzuia mteremkoni. Malori mawili yangefuata nyuma na vipande vilivyobaki. La kwanza lingeendeshwa na kaka wa marehemu, ambaye alikuwa dereva pale pale na hakuwahi kumsalimia Bi Hodi tangu msiba. Pembeni yake angekaa fundi mkuu na sanduku lake. Tajiri mwenyewe angefuata kwa pikapu yake. Kwenye fomu, palipoandikwa aina ya mtihani, Bi Hodi aliandika kwa herufi kubwa: pamoja na mzigo.

Asubuhi ile Mkuu alikuja na shati lililopigwa pasi. Alizunguka lori, akapiga tairi teke moja, akapanda. Kuondoka yadini aliondoka vizuri, kwa kuwa lori likiwa limesimama hata mjinga anaingiza gia. Mambo yalianza penye makutano, alipotaka kushuka kutoka ya nne kwenda ya tatu. Mama Mkwe alipiga ukelele mmoja mrefu. Muuza magazeti akaruka nyuma.

"Amezeeka," Mkuu alisema.

"Nusu, Baba Mdogo," Bi Hodi alisema. "Klachi nusu."

"Najua, najua."

Hakujua. Alikanyaga mpaka chini, na Bi Hodi, aliyekaa kiti cha abiria na ubao wa fomu mapajani, hakuwa akitazama barabara hata kidogo. Alikuwa akitazama ule mguu. Kiatu cheusi kilichong'arishwa, soli mpya, kinashuka mpaka kinagonga sakafu. Tena. Tena. Mguu ule ulikuwa ukisema yote ambayo mwenyewe hakuyasema kwa miaka kumi na miwili, na Bi Hodi aliusikiliza kwa raha aliyoionea aibu, kisha akaacha kuionea aibu. Kila vyuma viliposagana aliandika alama kwenye fomu. Jasho lilianza kumtoka Mkuu nyuma ya masikio, likashuka likaingia kwenye kola.

Kupanda kilima alipanda kwa gia ya kwanza tangu chini hadi juu, kwa kuogopa kubadilisha, malori ya nyuma yakimfuata kama mazishi. Walifika kileleni saa tano na nusu. Pale juu pana kipande tambarare ambapo madereva wote husimama kukagua breki kabla ya kuteremka. Mkuu akavuta breki ya mkono, akazima injini, akabaki ameushika usukani.

Kutoka pale mteremko wote ulionekana: barabara nyembamba, kona ya kwanza, kona ya pili, ukingo wa saruji mpya mahali ulipovunjika ule wa zamani. Mkuu aliutazama ule ukingo mpya. Mikono yake haikutoka kwenye usukani.

"Haya, Baba Mdogo," Bi Hodi alisema. "Unajua kazi. Unaondokea ya pili, unapita ya tatu kwenye ule unyoofu, na kabla ya kona ya pili unarudi ya pili. Kurudi ndiko kwenye mtihani."

"Shika wewe."

"Mimi ndiye ninayepima."

"Nimesema shika. Nina kizunguzungu."

"Una kizunguzungu au umekumbuka?"

Akageuka. Bi Hodi alikuwa bado na uso wake wa shikamoo, lakini macho yalikuwa mengine, na nadhani hapo ndipo Mkuu alipoelewa kwamba hakuletwa pale kwa ajili ya watu wa bima.

"Kibreki cha klachi kilikutwa kimeraruliwa," Bi Hodi alisema polepole. "Fundi aliyekitoa yuko kwenye lori la nyuma. Leo nimekaa hapa kwa saa mbili nikiutazama mguu wako unavyokanyaga. Baba hakuwahi kukanyaga hivyo hata siku moja. Wewe ndiye uliyekuwa hapo ulipokaa. Gia ya tatu ilikuponyoka pale kwenye unyoofu, ukaitafuta, ukabisha kama mlevi, ukaikosa. Ukaua mtu. Halafu ukamkabidhi baba yangu maiti aibebe."

"Nani amekwambia—"

"Mguu wako."

Nyuma yao honi ililia. Tajiri alikuwa ameshuka kwenye pikapu na alikuwa akitazama saa yake. Kaka wa marehemu na fundi nao walikuwa wameshuka, wakanyoosha migongo. Dereva wa lori la mwisho aliketi kwenye bampa akisubiri.

"Una njia mbili tu," Bi Hodi alisema. "Teremsha. Kama ulisema kweli, kwamba ungeweza kuirudisha gia ila mzee alikataa, basi irudishe leo. Mimi nitakaa hapahapa pembeni yako, sishuki. Au nenda pale ukawaambie. Ukiwaambia, nitashika usukani."

 Mkuu alijaribu kucheka. Kisha uso wake ulilegea, akaonekana mzee kuliko baba yake Bi Hodi, na Bi Hodi akangoja huruma ije. Haikuja.

"Ilinitoka," Mkuu alisema, sauti imekauka. "Ya tatu. Ilitoka yenyewe. Nikakanyaga, nikakanyaga. Kaka alikuwa amelala pale ulipokaa wewe, ameegemea mlango. Hakuzinduka mpaka tunagonga ukingo." Alifuta jasho kwa kiganja. "Nilikuwa na mke mjamzito, mwanangu. Walisema mzee hataamka. Nikajiambia, mtu anakufa hata hivyo, inamdhuru nini? Halafu akaamka. Ningesemaje tena?"

"Ungesema kweli."

"Na lingine nikwambie, kwa kuwa unataka kweli." Alimtazama sasa, na kulikuwa na kitu cha ushindi mdogo machoni mwake. "Mimi sikutaka kuendesha. Nilimwambia simwezi huyu. Alikuwa na homa, anatetemeka, nikamwambia tulale hapa. Akakataa, akasema mzigo unangojewa. Yeye ndiye aliyenipa ufunguo. Mkononi, kama ilivyokuwa sheria yake. Akasema, njia nyeupe, endesha tu. Baba yako ndiye aliyemweka asiyejua kwenye usukani huu."

 Miaka minne Bi Hodi alikuwa amepanga kila neno, na hili hakulipanga. Akamwona akilini baba yake akisikia: Wewe hukuendesha, mzee, lakini wewe ndiye uliyempa. Alimjua baba yake. Angelichukua hilo na kulibeba badala ya lile la kwanza, na lingekuwa zito zaidi, kwa kuwa hili lingekuwa kweli. Asubuhi ya kesho, katikati ya bei ya mkaa, angesema: "Mimi nilimkabidhi ufunguo asiyejua. Nimeua mtoto wa watu."

"Nenda kawaambie," alisema.

"Nitawaambia yote."

"Nenda."

Mkuu alishuka. Alishuka vibaya, kiatu chake kipya kikateleza kwenye ngazi, akajishika kwenye kioo. Bi Hodi alihamia kiti cha dereva, akashusha dirisha. Kwenye kioo cha pembeni aliwaona wote: Tajiri na saa yake, fundi, kaka wa marehemu mikono mfukoni, na Mkuu akiwaendea na shati lililolowa mgongoni.

"Vipi tena?" Tajiri alisema. "Mashine inangojewa kule chini!"

"Bosi, mimi siwezi kuteremsha hili lori." Sauti yake ilikuwa ndogo. Akamgeukia kaka wa marehemu, akashindwa kumtazama, akaitazama miguu yake. "Wala siku ile sikuweza. Siku ya ajali. Aliyekuwa kwenye usukani ni mimi. Si mzee. Gia ilinitoka mimi. Maneno yote niliyosema yalikuwa ya uongo."

 Kaka wa marehemu alitoa mikono mfukoni. Fundi akafumba macho kama mtu anayetua mzigo.

"Lakini," Mkuu alisema, akainua kidole, "lakini jueni pia kwamba mzee mwenyewe ndiye—"

Bi Hodi akawasha injini na kukanyaga mafuta mpaka chini.

Mama Mkwe alinguruma. Moshi mweusi ulitoka, vioo vikatetemeka, kunguru wakaruka kutoka kwenye nyaya. Mkuu aliendelea kusema. Mdomo wake ulionekana ukifunguka na kufungika, kidole kinapanda na kushuka, lakini hapakuwa na sikio lililoambulia kitu. Bi Hodi hakuuondoa mguu. Alimtazama kwenye kioo mpaka alipoona kaka wa marehemu amemfikia na kumkunja shati kifuani, na fundi na Tajiri wamewaingilia kati, na mdomo wa Mkuu umenyamaza wenyewe. Hapo ndipo alipoachia mafuta. Roho ilimsuuzika, na sitasema vinginevyo ili aonekane mtu mwema.

Kisha akaachia breki na kuteremka. Alipita unyoofu kwa ya tatu, kiganja kimelalia gia isije ikaponyoka, na kabla ya kona ya pili akabisha: klachi nusu, toa, achia, gusa mafuta, klachi nusu, ingiza. Hapakusikika chochote. Gia iliingia kama kijiko kwenye uji, na tani zile zote zikatulia nyuma yake. Mkuu alirudi mjini kwa miguu, kwa kuwa Tajiri alimwambia pikapu imejaa, na pikapu ilikuwa tupu.

Machimboni, walipokuwa wakifungua minyororo ya mzigo, kaka wa marehemu alimjia. Alisimama mbele yake, kofia mkononi.

"Habari ya kazi, dada," alisema.

Zilikuwa salamu zake za kwanza katika miaka kumi na miwili, na Bi Hodi alijibu nzuri, lakini ilibidi aangalie pembeni.

"Naenda kumwambia mama jioni hii," kaka wa marehemu alisema. "Sijui nitaanzia wapi. Tumemlaani mzee wako kila siku."

"Mlisema mlichoambiwa," Bi Hodi alisema. "Aliyewaambia ndiye wa kulaaniwa."

Alifika nyumbani jua bado liko juu ya paa za jirani. Baba yake alikuwa dirishani kama kawaida, redio ndogo mapajani. Bi Hodi aliizima redio, akaketi kwenye kile kiti cha plastiki cha sukari na sabuni, akamweleza. Alimweleza kibreki kilichoraruliwa, mguu, kilele cha mteremko, na maneno ya Mkuu mbele ya watu. Alieleza polepole, akirudia mahali ambapo mzee alikunja uso.

 Mikono ya mzee ilikuwa ikisugua magoti.

"Kwa hiyo si mimi," alisema.

"Si wewe, baba."

"Sikuwa kwenye usukani."

"Ulikuwa umelala. Ulikuwa na homa."

Mzee alitikisa kichwa taratibu. Kwa dakika nzima uso wake ulikuwa mwepesi, ukawa wa mtu ambaye Bi Hodi alikuwa amesahau sura yake. Halafu, kama alivyoogopa njia nzima, uso ule ukaanza kujikunja tena. Mzee alikuwa dereva kabla hajawa kitu kingine chochote.

"Ufunguo," alisema. "Ufunguo wa Mama Mkwe haukuwahi kutoka kwangu ila kwa mkono wangu. Siuachi kwenye gari, siuweki mezani. Kama aliendesha yeye, basi nilimpa. Nilimpa, mwanangu?"

Alimkazia macho. Macho yalikuwa mekundu, na yalikuwa yakingoja, na Bi Hodi aliona kwamba mzee alikuwa ameshaanza kunyoosha mgongo kuupokea mzigo ule mwingine.

"Hukumpa," Bi Hodi alisema. "Mlisimama njiani, ukalala kwenye kibanda cha chai. Aliutoa mfukoni mwako ukiwa umelala. Akakubeba mpaka garini na homa yako, akawasha, akaondoka. Amesema mwenyewe."

"Aliuiba?"

"Aliuiba, baba."

Aliyasema bila kupepesa macho, kwa sauti tulivu ya mtu anayeandikisha maelezo, kama yule mwingine alivyoyasema yake miaka kumi na miwili iliyopita mbele ya wapelelezi. Hata mchubuko wa kiwiko hakuwa nao.

Mzee alivuta pumzi. Kitu kilimpanda usoni ambacho hakikuwahi kupanda tangu alipotoka hospitali, na kilikuwa hasira, hasira safi ya mtu aliyeonewa.

"Mwizi!" alisema. "Mshenzi mkubwa! Na sabuni yake nimeogea!"

"Ndiyo, baba."

"Aje tena hapa. Aje tu." Alishika gongo moja, akalipiga sakafuni. Kisha akalia, kwa sauti, mabega yakimtikisika, na Bi Hodi alimshika mpaka alipomaliza. Alipomaliza alijifuta kwa mkono wa shati, akatazama nje kupima jua.

"Nipe viatu," alisema. "Nakwenda mtaa wa pili kumpa pole mama wa yule kijana. Nimechelewa miaka kumi na miwili."

Viatu vilikuwa chini ya kitanda, vimekakamaa kwa kutovaliwa. Bi Hodi alipiga magoti na kumvalisha, kimoja kimoja, akijua kwamba akiulizwa tena, na mzee, na mama wa marehemu, na yeyote yule, angejibu vilevile.